Jinsi ya Kuwafundisha Watoto Habari za Wanyama wa Mlima Wetu

Ninyi waalimu na wazazi mkaao pande za Arusha na Meru, mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya bundi mmoja.

Bundi huyu alikaa darini katika shule moja iliyo chini ya mlima. Asubuhi moja wavulana walimwona, wakamtupia mawe hata akaanguka akafa. Tulipowauliza, "Mbona mmemwua?" walijibu, "Huyu huleta msiba." Tukauliza tena, "Je, chakula chake ni nini?" Hakuna aliyejua. Nao walikuwa watoto wa darasa la sita, ambao katika madaftari yao wameandika vizuri faida za wanyama wa mwitu: huleta watalii, huleta fedha za kigeni, ni urithi wa taifa. Maneno hayo yote waliyajua kwa moyo, ila bundi hawakumjua.

Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Wahenga walisema, Asiyekujua hakuthamini. Mtoto aliyefundishwa kwa masikio tu ataweza kujibu mtihani; lakini siku atakapokutana na mnyama mwenyewe, mkono wake utafuata yale aliyoyasikia zamani jikoni na njiani. Basi yafaa mkono nao ufundishwe.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1960 kasoko ya Ngurdoto ilifanywa hifadhi ya taifa. Na mwaka 1967 Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ukaongezwa humo, na yote ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Katikati ya miaka hiyo, Septemba 1961, yaani miezi michache kabla ya Uhuru, wataalamu wa nchi nyingi walikutana papa hapa Arusha. Mwalimu Julius Nyerere akatamka mbele yao kwamba kulinda wanyama na mapori kwahitaji ujuzi, na fedha, na watu waliofunzwa. Mwaka 1963 chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kikaanza kuwafunza watu hao.

Lakini askari wa hifadhi, hata wawe wengi, hawawezi kusimama katika kila shamba na kila ua. Hivyo wengine walianza kuwatazama watoto. Kenya wanafunzi walianza vilabu vyao vya wanyama mwaka 1968. Kwetu vilianza vilabu vya Malihai mwaka 1980, na makao yao makuu yakawa Arusha. Tena mwaka 1991 Bibi Jane Goodall, ambaye tangu 1960 alikuwa akiwachunguza sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 barazani kwake Dar es Salaam. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa chama cha Roots & Shoots, ambacho kilikwisha kuenea katika nchi nyingi alipofariki mwaka 2025. Wote hao waliona neno moja, kwamba mtoto apewe kazi ya kufanya, si maneno ya kukariri tu.

Shule isiyo na gari wala fedha ya kwenda hifadhini isikate tamaa. Twawaletea masomo matatu ambayo vyombo vyake hupatikana bure.

Somo la kwanza ni la chupa tatu. Twaeni chupa kubwa tatu za plastiki, mzilaze, mkate ubavu wa juu wa kila moja, kisha mzijaze udongo wa aina moja. Katika ya kwanza udongo uwe mtupu. Katika ya pili ufunikwe majani makavu. Katika ya tatu pandeni nyasi majuma matatu mbele, mpaka zishike mizizi. Ziwekeni mezani, midomo yake ikielekea chini kidogo, na chini ya kila mdomo wekeni bilauri. Sasa watoto watatu wamimine maji kwa pamoja, vikombe sawa kwa sawa, polepole kama mvua. Msiwaambie kitakachotokea. Maji ya chupa ya kwanza hutoka upesi, nayo ni mekundu kwa udongo. Ya tatu hutoka taratibu, nayo ni safi kuliko yote. Ndipo muwapeleke watoto nje, muwaonyeshe mlima. Mito ya Themi na Naura, ipitayo katikati ya mji wa Arusha, yatoka huko juu. Waulizeni, "Mlima huu wafanana na chupa ipi? Na ukikatwa miti yake, utafanana na ipi?" Wataelewa kwamba msitu ule ni nyumba ya wanyama, na papo hapo ni mlinzi wa maji wayanywayo wenyewe.

Somo la pili ni la mkono wa mbega. Kila mtoto afungwe kidole gumba kwa kitambaa, kikilala juu ya kiganja. Kisha aambiwe afunge kifungo cha shati na kuandika jina lake. Watacheka sana, maana ni kazi ngumu. Baada ya hayo waende kwenye tawi imara, au kwenye mlingoti wa goli, waning'inie mmoja mmoja kwa vidole vinne. Wataona kwamba hapo gumba halihitajiki sana, kwa maana vidole vinne hushika kama kulabu. Ndipo mwalimu aeleze: mbega mweusi na mweupe, akaaye juu ya miti ya Ngurdoto, hana gumba ila kibutu kidogo tu, hata jina alilopewa na wataalamu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Naye hupita toka tawi hata tawi, akiruka mbali. Tena tumbo lake lina vyumba kama tumbo la ng'ombe, na kwa hiyo aweza kuishi kwa majani ya miti ambayo wengine hawayawezi. Zamani ngozi yake nzuri ilitafutwa sana, ikauzwa hata Ulaya. Mtoto aliyejaribu mkono wa mbega hatasahau kwamba mnyama huyu ameumbwa kwa ajili ya miti, na miti ikiisha hana pa kwenda.

Somo la tatu ni la chakula cha bundi, nalo twalirudisha katika shule ile tuliyoitaja. Bundi humeza panya mzimamzima. Nyama husagika tumboni, lakini mifupa na manyoya hujikusanya kuwa donge, naye hulitapika. Madonge hayo huonekana chini ya mahali alalapo mchana, kama dari la shule, ghala, au paa la kanisa. Siku chache baada ya bundi yule kuuawa, tulikuta darini madonge yake kumi na moja. Tuliyakausha, tukayatia katika tanuri la mikate kwa dakika 40 ili kuua vijidudu, tukawapa watoto pamoja na miiba mirefu ya kuchambulia. Wakapasua, wakatenga manyoya na mifupa, wakaipanga mifupa juu ya karatasi nyeupe: taya, mbavu, mafuvu yenye meno marefu ya mbele. Darasa lote lilinyamaza. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, hawa ni panya shamba."

Walikuwa panya walewale walao mahindi shambani na ghalani kwa wazazi wao, ambao jike mmoja aweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Mvulana mmoja, aliyekuwa katika watupa mawe, alikuta mafuvu manne katika donge moja. Akayatazama kwa muda, akauliza, "Yule tuliyemwua, angekula wangapi mpaka mavuno?" Hatukumjibu. Tulimpa chaki, akahesabu mwenyewe ubaoni mbele ya wenzake, akianza na watatu kwa usiku mmoja. Alipofika miezi mitatu aliandika 270, akaiweka chaki chini, akarudi kukaa. Hatukuona haja ya kuongeza neno.

Twawaonya juu ya mambo mawili. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya somo hili. Tena ndani ya hifadhi mtoto asiokote kitu chochote, wala unyoya, wala mfupa. Vifaa vya masomo haya vipatikane nyumbani na shuleni.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito. Mtoto akaaye karibu na msitu atainua mkono aseme, "Mwalimu, tumbili na nguruwe wamekula mahindi yetu. Mbona watufundisha kuwapenda?" Haifai kumnyamazisha. Baba yake amekesha shambani usiku kucha, na njaa ya nyumbani kwake si hadithi. Mwalimu akijifanya kwamba wanyama hawana madhara, watoto watajua kwamba hasemi kweli, na hata yale mengine ya kweli hawatayaamini tena. Basi andikeni ubaoni safu mbili, ya madhara na ya faida, watoto wazijaze kwa yale waliyoyaona. Waambieni kwamba Serikali imeweka malipo kwa aliyeharibiwa mazao, yaitwayo kifuta jasho, na kwa aliyeumizwa au aliyefiwa, yaitwayo kifuta machozi. Nayo hayalingani na hasara yote, lakini ni haki ya mwananchi kutoa habari na kuyaomba. Kisha waulizeni njia za kulinda shamba pasipo kuua ovyo, na msikilize majibu yao. Mara nyingi yatatoka kwa babu zao, nayo ni mema.

Maswali ya kujadiliwa na waalimu na wazazi:

1. Ni mnyama gani au ndege gani auawaye kwetu kwa sababu ya hofu tu? Watoto wetu wajua chakula chake?

2. Sumu tuitegayo kwa panya yaweza kumwua na bundi amlaye panya huyo. Twaweza kufanya nini badala yake?

3. Mto upitao karibu nasi ulikuwaje zamani za babu zetu, nao u hali gani leo? Watoto na wawaulize wazee, waandike.

Haya, ndugu waalimu, jaribuni moja tu la masomo haya katika mwezi huu, mwone. Darini mwa shule ile bundi mwingine hajaja bado. Watoto humtazamia, kila Jumatatu huchungulia chini ya dari kama kuna donge jipya.