Maelezo ya Zana Yanavyoweza Kumpotosha Wakala wa Akili Unde

Tuchukulie kwamba mhudumu wa afya wa Lisekese, Masasi, anatumia programu yenye wakala wa akili unde. Wakala huyo amepewa zana kadhaa, mojawapo ya kukokotoa dozi ya dawa mseto ya malaria. Haoni undani wa zana. Husoma jina na maelezo yake tu, kisha huamua kuitumia au kuiacha.

Maelezo yakisema tu “hutoa dozi ya malaria”, mama aelezaye kwamba mwanawe ana homa na amepata degedege aweza kutajiwa idadi ya vidonge, ilhali degedege ni dalili ya hatari, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate. Maelezo bora hutaja mipaka: malaria isiyo kali, iliyothibitishwa kwa kipimo, uzito wa mizani, usiokisiwa kwa umri. Mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila mara, wa kilo 15 hupewa 2.

Maelezo hupimwa kwa maswali yaliyoandikwa kwa maneno ya wagonjwa wenyewe, nusu yakiwa yale ambayo zana haipaswi kuguswa (nusu hii husahaulika kwa urahisi). Kila swali liulizwe mara kadhaa, kwani wakala hajibu vilevile kila mara. Kisha yabadilishwe maelezo peke yake, maswali yarudiwe, matokeo yalinganishwe. Jibu moja la kumpa vidonge mtoto mwenye degedege latosha kuyakataa maelezo hayo, hata mengine yote yakiwa sahihi.