KIFUA SI KIFUA KIKUU: MANENO YANAYOPIMWA DIRISHANI

Wanachama wenzangu wameandika juu ya ngeli na methali. Mimi mlezi wa chama ameniomba niandike somo la msamiati, nami nimechagua msamiati ambao sikuutoa kamusini. Ni ule unaosikika kwenye dirisha la karani wa usajili na kwenye meza ya sista wa kituo cha afya, kambini Dadaab, katika kaunti yetu hii hii ya Garissa. Ninayo sababu. Kuna neno moja nililolitafsiri vibaya, na aliyelipia ni mama yangu mdogo. Kwa Kisomali namwita Habaryar.

Habaryar ni dada yake mama, tumbo moja. Aliolewa Afmadow, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2011 ukame ulipomaliza mifugo na vita vilipozidi, alitembea na watoto hadi Hagadera. Kambi hizo zilikuwa na miaka ishirini tayari. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, kisha Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka ule alioingia Habaryar walikuwa wamepita laki nne. Basi mtu anafika hapo amechoka, ana kiu, mtoto anaharisha, na jambo la kwanza analoulizwa ni jina.

Hapo ndipo somo linapoanza. Bila kusajiliwa hupati kadi ya chakula, na bila namba watu hukutazama kama umeanguka kutoka mwezini. Si kwetu tu. Raia wa Ukraine walipokimbia vita mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulipitisha Machi 4 mwaka huo kwamba wapewe hifadhi ya muda, yenye ruhusa ya kukaa, kufanya kazi na kutibiwa. Hata hivyo nao walipiga foleni. Kule Poland walilazimika kupata kwanza namba iitwayo PESEL, ndipo milango mingine ifunguke. Tofauti ni kwamba wao walifunguliwa katika siku chache, ilhali huku kwetu mtu anaweza kuzaa na kuoza akiwa bado kwenye laini.

Sasa tuangalie neno "mtoto". Habaryar aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu watatu. Kwetu hilo si uongo hata chembe. Wawili aliwazaa, wa tatu ni binti wa dada yake aliyefariki, naye amemnyonyesha kwa mkono wake. Tarehe za kuzaliwa je? Nani aliandika tarehe malishoni? Alisema huyu na huyu wote ni wa mwaka 2008. Karani akaandika Januari 1, 2008 kwa wote wawili, kama ilivyo desturi pale ambapo siku haijulikani. (Ukipita kambini utadhani nusu ya dunia ilizaliwa Januari mosi.) Basi binamu wakawa pacha! Miaka ikapita. Siku ya mahojiano ya kuhamia Marekani afisa akauliza, "Mama, hawa pacha mbona hawafanani?" Habaryar akasema ukweli, kwamba mmoja ni wa marehemu dada yake. Faili ikarudishwa nyuma, zikatakiwa karatasi za ulezi, na ukapita mwaka mzima na zaidi.

Neno "ndugu" ni hatari vilevile. Katika Kiswahili chetu cha kila siku ndugu ni kaka, ni dada, ni binamu, ni mtu wa ukoo, hata abiria mwenzako kwenye basi. Fomu haimjui ndugu wa namna hiyo. Kwa hiyo, ukimtafsiria mtu, sema "ndugu wa baba mmoja na mama mmoja", au "mtoto wa ami yake". Ni maneno marefu lakini hayamfungi mtu. Wazigua wa Somalia, ambao Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea kama kundi, nao walipitia maswali hayohayo kabla ya kuanza kusafiri mwaka 2003. Walitolewa Dadaab hadi Kakuma kwa mabasi ili wahojiwe. Hawa, tukumbuke, mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanzania ya leo, na wapo wanaozungumza Kizigua mpaka sasa. Wabantu wenzetu kwa lugha, lakini mbele ya fomu wote tuko sawa.

Nije sasa kwenye kosa langu.

Ilikuwa likizo ya Agosti 2024, nami niko kidato cha pili. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo sisi ndio humwendea Habaryar. Nilipanda basi hadi Garissa, kisha Dadaab, kisha Hagadera. Nilimkuta anakohoa kwa lile vumbi jekundu. Nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Mkalimani alikuwa ameenda kuswali. Sista alikuwa mtu wa bara, hajui Kisomali. Mimi nikajitosa kifua mbele: si mimi mwanachama wa Chama cha Kiswahili?

Sista akauliza, "Aliwahi kuugua kifua?" Nikamuuliza Habaryar kama aliwahi kuumwa kifuani. Akasema ndiyo, mwaka ule wa kuingia kambini alikohoa sana, akapewa vidonge siku nyingi. Nikatafsiri kwa madaha: "Ndiyo sista, aliugua kifua mwaka 2011, akatumia dawa siku nyingi." Sista akaandika kwenye daftari la matibabu. Nilijiona profesa.

Kumbe sista aliposema "kifua" alimaanisha kifua kikuu, yaani ule ugonjwa ambao Wasomali huuita qaaxo. Watu wengi hulikata neno hilo hivyo. Habaryar alikuwa na qufac tu, kikohozi. Neno moja la Kiswahili lilibeba maana tatu: sehemu ya mwili, kikohozi cha kawaida, na maradhi ambayo nchi nyingi zinazopokea wakimbizi huyatafuta.

Mwezi wa Oktoba Habaryar aliitwa kupimwa afya kwa ajili ya safari. Alikwenda na daftari lake kama alivyoagizwa. Daktari akasoma, akamsikia bado anakohoa, akaagiza makohozi. Hapa nieleze utaratibu, maana wengi huku hudhani watu wanacheleweshwa kwa roho mbaya. Kupiga picha ya kifua ni jambo la dakika chache. Lakini ikishukiwa kifua kikuu, mtu hutoa makohozi asubuhi tatu mfululizo, na makohozi hayo hayatazamwi kwa darubini tu, bali huoteshwa maabarani, kazi inayoweza kuchukua wiki 8. Vimelea vikionekana, ni matibabu ya miezi mingi mbele ya macho ya mhudumu ndipo usafiri. Nao uchunguzi wa afya una muda wake, kwa kawaida miezi 6. Ukiisha kabla ya ndege, unaanza upya. Vivyo hivyo ukaguzi wa usalama. Karatasi moja ikiiva, nyingine inaoza.

Majibu yalikuja Desemba. Hakuwa na kitu. Familia mbili za bloku yake waliopimwa wiki ileile walikuwa wameshafika Marekani. Yeye aliambiwa ajiandae kwa Februari. Aliuza kitanda, akauza na masufuria.

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Mwezi Juni mwaka huohuo, Somalia ikawekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kuingia. Hagadera walikuwa na kumbukumbu: Januari 2017 wakimbizi kiasi cha 140 waliokuwa Nairobi wakingoja ndege walirudishwa Dadaab. Siwezi kuapa kwamba bila mimi angesafiri. Ila hesabu naijua, na huniamsha usiku.

Wapo watakaosema hayo ni ya wakimbizi, sisi Wakenya yatuhusu nini. Wewe uliye kidato cha nne, unayekaribia kuomba kipande, uliza nyumbani. Wakati wa ukame, wazazi wengi wa Garissa waliwapeleka watoto kambini wakaandikishwa, wapate unga na matibabu ambayo hayakuwapo vijijini. Alama za vidole zilichukuliwa. Mtoto alipotimiza miaka 18 akaomba kitambulisho, mashine ikasema yeye ni mkimbizi. Makadirio yanayotajwa ni watu 40,000, na jambo hilo limefikishwa hadi Mahakama Kuu ya Garissa. Hawa walitamka "mkimbizi" siku moja tu, kwa sababu ya njaa.

Kambini kuna neno la Kisomali, buufis. Ni ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayomkalia mtu hadi halali wala hali. Nimelitafutia Kiswahili chake, sijaridhika. "Kiherehere" ni kejeli, "shauku" ni nyepesi. Mwenye neno aniletee.

Likizo iliyopita nilimtembelea Habaryar. Alilala kwenye mkeka. Hakunilaumu, akanipa chai. Kisha akatoa lile daftari la matibabu, akanipa na kalamu, akasema niandike kwenye jalada, kwa herufi kubwa ambazo sista yeyote atazisoma. Nikaandika: QUFAC NI KIKOHOZI. HAJAWAHI KUUGUA KIFUA KIKUU. Akaniomba nimsomee kwa Kisomali, nikamsomea. Akasema soma tena.