Somo la Juma: Farasi, NHM na Sinai

Wapendwa, wamishonari wa Watakatifu wa Siku za Mwisho hubisha hodi kwetu, na watoto huuliza: je, Kitabu cha Mormoni ni historia? 1 Wathesalonike 5:21 inatutaka tuyapime mambo yote, basi tupime.

Kitabu hicho, kilichochapishwa mwaka 1830, kinasimulia watu waliohama Yerusalemu wakajenga miji mikubwa Amerika, wakiwa na farasi, ngano na chuma cha pua. Wachimbaji wa mambo ya kale hawajathibitisha hayo. Farasi walikuwa wametoweka huko maelfu ya miaka kabla, wakaletwa tena na Wahispania. Thomas Ferguson, mwanasheria na muumini wao, alianzisha mwaka 1952 taasisi ya kuchimba kusini mwa Mexico. Mwishowe alikata tamaa.

Watetezi wao hutaja madhabahu za kale za Yemeni zenye jina NHM, wakilihusisha na Nahomu ya kitabu chao. Si hoja ya kuchekwa, ingawa herufi tatu hazibebi miji mizima ya ng'ambo.

Na sisi je? Jiwe la Tel Dan, lililopatikana 1993, linataja nyumba ya Daudi. Lakini jangwani Sinai haijapatikana kambi ya Waisraeli waliotoka Misri. Kijana akiligusia hilo, tusimkemee.

Wageni wakija, tuwakaribishe chai, tuwaulize kuhusu farasi, nasi tukubali kuulizwa kuhusu Sinai.