Baba Hana Selimundu, Mtoto Anayo: Inawezekanaje?

Mtoto amepimwa hospitalini na majibu yanasema ana selimundu. Mama anapimwa na kuonekana ana jeni moja ya ugonjwa huo. Baba naye anapimwa kwa kipimo cha haraka, na karatasi yake inasema hana. Kutoka hapo mazungumzo ya nyumbani hayahusu tena damu ya mtoto, yanahusu ndoa. Mama anaulizwa mtoto ni wa nani, na wakati mwingine wazee wanaitwa.

Karatasi hiyo ya baba haitoshi kumshutumu mtu. Upo uwezekano ambao kila mkaazi anafaa kuujua kabla ya boma kuvunjika, nao umejificha ndani ya jeni, mahali ambapo kipimo cha haraka hakikuundwa kuangalia.

Hemoglobini ni protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba oksijeni mwilini. Sehemu yake iitwayo beta hutengenezwa kwa maagizo ya jeni inayojulikana kama HBB. Kila mtu ana nakala 2 za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Katika selimundu, herufi moja tu ya maagizo imebadilika: palipokuwa na A pamekaa T. Protini inayotoka ni tofauti, na chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu. Kwa sababu protini yenyewe imebadilika, kipimo cha haraka huitambua. Mwenye nakala moja ya aina hiyo kwa kawaida haugui, lakini anaweza kuirithisha.

Sasa tuje kwenye kilichofichika. Mwaka wa 1977, wanasayansi Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na kikosi chake, waligundua kwamba maagizo ya jeni hayaandikwi kwa mfululizo. Yamekatizwa na vipande ambavyo havitengenezi protini, viitwavyo introni. Vile vyenye maagizo huitwa eksoni. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Jeni ya HBB ina eksoni 3 na introni 2, moja ya herufi 130 na nyingine ya herufi 850. Seli hunakili zote kwenye RNA, kisha hukata introni, huzitupa, na kuunganisha eksoni.

Wanaofanya kazi redioni wataelewa haraka. Hotuba ya mkutano wa hadhara hurekodiwa yote, pamoja na makofi, kukohoa na mngurumo wa jenereta. Mhariri huweka alama pa kuanzia kukata na pa kuishia, kisha huunganisha yanayobaki. Ndani ya seli alama hizo ni herufi: introni karibu zote huanza kwa GT na kuishia kwa AG.

Fikiria basi alama ya uongo ikitokea katikati ya kipande kinachotakiwa kutupwa. Ndivyo ilivyo katika badiliko moja lililoelezwa mwaka wa 1981, ambalo ndilo chanzo kikuu cha thalasemia ya beta huko Kupro, kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Kwenye herufi ya 110 ya introni ya kwanza, G imegeuka kuwa A. Herufi hiyo haimo katika maagizo ya protini, na mtu angedhani haina madhara. Lakini panapokuwa na TTGG panasomeka TTAG, na seli huona AG mpya. Mara nyingi hukata hapo, herufi 19 kabla ya mwisho halisi. Herufi hizo 19 za takataka hubaki ndani ya ujumbe, usomaji hupotoka, na utengenezaji wa protini hukatika njiani. Takriban sehemu 1 kati ya 10 tu ya ujumbe ndiyo hutoka sawa.

Badiliko lingine liko kwenye herufi ya 5 ya introni hiyo hiyo, ambapo G imekuwa C. Hili huharibu alama ya kuanzia kukata. Ni la kawaida sana India na Oman, na familia zenye asili ya huko zimeishi Kenya kwa vizazi. Hata hivyo, thalasemia ya beta hupatikana pia kwa Waafrika wasio na asili hiyo, kwa hivyo jina la ukoo si kipimo.

Baba mwenye nakala moja ya aina hii hana protini ya selimundu hata kidogo. Hemoglobini anayotengeneza ni ya kawaida, ila jeni yake moja hutoa kidogo au haitoi kabisa. Kipimo cha haraka kitasema hana selimundu, na kitakuwa kimesema kweli. Akizaa na mama mwenye jeni moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atarithi zote mbili. Mtoto huyo ataugua, na kwenye baadhi ya vipimo damu yake hufanana na ya mtoto aliyerithi selimundu pande zote mbili.

Kinachofaa kuombwa ni kipimo kamili cha hemoglobini kwa wazazi wote wawili, pamoja na hesabu kamili ya damu. Kwa kawaida mwenye nakala moja ya thalasemia ya beta huwa na chembe nyekundu ndogo, na hemoglobini aina ya A2 iliyopanda kupita asilimia 3.5. Dalili ya chembe ndogo hufanana na upungufu wa madini ya chuma. Ndiyo maana wapo watu wanaomeza vidonge vya chuma miezi mingi na damu haipandi. Usiache dawa uliyoandikiwa, hasa ukiwa mjamzito, lakini muulize daktari kama akiba yako ya chuma imepimwa. Upungufu wa chuma unaweza pia kuishusha A2 na kuficha thalasemia.

Pale ambapo majibu bado hayaeleweki, jeni husomwa yenyewe. Hapo uliza kama introni nazo zitasomwa, maana usomaji unaoishia kwenye eksoni unaweza kukosa kasoro iliyo ndani zaidi. Na ifahamike kwamba hakuna kati ya vipimo hivi kinachothibitisha mzazi wa mtoto. Hicho ni kipimo kingine kabisa.

Utafiti wa kurekebisha ukataji wa RNA unaendelea. Mwaka wa 2016 Marekani iliidhinisha nusinersen, dawa inayofanya kazi hiyo kwa ugonjwa mwingine, wa kudhoofika kwa misuli. Kwa mtoto aliye nyumbani leo, matibabu hayangoji majibu ya baba: chanjo, kinga ya malaria, penisilini kwa watoto wadogo na haidroksiyurea kwa maelekezo ya daktari.

Mnapokwenda kliniki, nendeni wazazi wote wawili na mbebe karatasi zote za vipimo vya awali. Kama mtoto aliongezewa damu katika miezi 4 iliyopita, mwambieni mhudumu kabla sindano haijachomwa, kwa sababu damu ya mchangiaji itachanganya majibu.