Picha Bila Jina ni Karatasi Tupu

Msomaji mpenzi, wahenga walinena, tembea uone. Mimi nimetembea, nikaona, nikapiga na picha, lakini nilirudi nyumbani bila kujua nilichokiona. Hilo ndilo somo ninalotaka tugawane katika kurasa hizi za chama chetu cha Kiswahili. Ni somo la reli, ila ukilifuata hadi mwisho utagundua kwamba ni somo la lugha pia.

Tuanzie hapa kwetu. Aliye Giakanja hasikii honi ya treni. Hata mji wa Nyeri wenyewe haukubahatika kupitiwa na reli. Stesheni iliyo karibu nasi ni Kiganjo, ambayo zamani ndiyo iliyoitwa Stesheni ya Nyeri. Reli hiyo ni tawi la ile reli kuu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tawi letu lilifika Thika mwaka 1913, kisha likapanda polepole kupitia Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki mwaka 1930. Baadaye treni za abiria zilikoma kuja huku, nyasi zikaota katikati ya vyuma. Njia hiyo ilikarabatiwa mwaka 2020, na mwishoni mwa mwaka huo abiria wakafika Nanyuki kwa treni tena.

Kwa Kikuyu treni huitwa mugithi. Ngoma ile ya kushikana mabega na kufuatana foleni ukumbi mzima nayo ni mugithi, kwa sababu wachezaji hujipanga kama mabehewa. Basi wengi wa rika langu tumeucheza mugithi harusini kabla ya kuuona wenyewe kwa macho! Nami nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana likizo ya Agosti ilipofika nilikata kauli: nitakwenda Nairobi nikapige picha treni zinazobeba wafanyakazi, pamoja na minara ya zamani ya ishara. Mjomba aliniazima kamera yake kwa shingo upande, akaniambia, "Ikivunjika, usirudi nayo. Wala wewe usirudi."

Niliabiri matatu mjini Nyeri, na jioni nikawa kwa binamu yangu huko Githurai. Kesho yake tulidamka alfajiri ya Mungu tukashika njia ya kwenda stesheni. Treni ile hutoka Ruiru ikapita Kahawa, Githurai, Mwiki, Dandora na Makadara, ikaishia Stesheni Kuu ya Nairobi. Kazi yake ni kama ya moyo: asubuhi huvuta watu kuingia mjini, jioni huwasukuma warudi makwao. Zipo treni ambazo mabehewa yake huvutwa na kichwa cha dizeli. Nyingine hazina kichwa cha kando, kwani injini zimefichwa chini ya sakafu. Hizo za pili zilinunuliwa Uhispania zikiwa zimetumika, zikafika nchini mwaka 2020. Faida yake ni kwamba dereva akifika mwisho wa njia huhamia upande wa pili tu akaanza safari ya kurudi. Hapana haja ya kukata kichwa na kukizungusha.

Hapo ndipo nilipotenda upumbavu ambao sitausahau. Nilitaka picha ya treni ikija usoni pangu, taa yake ikiwaka katika ukungu. Nikateremka nikasimama katikati ya reli, jicho moja kwenye kamera. Ndani ya kile kioo kidogo treni ilionekana bado iko mbali sana. Mara nikasikia sauti ya mama mmoja, "We kijana! Toka hapo! Unataka kufa?" Binamu akanivuta kwa ukosi wa shati. Treni ikapita, upepo wake ukanipiga usoni. Magoti yalinicheza hata nikashindwa kuinua kamera tena. Yule mama alinitazama, akatikisa kichwa, akapanda treni yake kwenda kazini.

Nilipata maelezo baadaye. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, na hilo ndilo linaloiwezesha treni kuvuta mizigo mizito bila kumaliza mafuta. Lakini kwa sababu hiyohiyo treni haiwezi kusimama ghafla kama baiskeli. Pia haiwezi kukukwepa, maana haina usukani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kupiga picha za treni, kwanza omba ruhusa kwa wahusika, pili simama jukwaani nyuma ya mstari, tatu jicho lako moja liwe nje ya kamera. Sisi tuliomba ruhusa baada ya kisa kile, tukapewa, na tukaambiwa tusikanyage reli hata kwa unyoya.

Kutoka Stesheni Kuu tulitembea hadi Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo nilikutana na gari moshi lenyewe, lile lenye haki ya kuitwa hivyo. Namba yake ni 5918, jina lake Mount Gelai. Ni mmoja wa ndugu 34 waliotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila mmoja ana uzito wa zaidi ya tani 250, na wote walipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5901, wa kwanza wao, aliitwa Mount Kenya. Moyo wangu ulifurahi kusikia kwamba mlima wetu ulitangulia!

Siku hiyo nilipiga picha 46: treni, stesheni, nguzo zenye mikono, vioo vya rangi, mitambo yenye vipini virefu, na kijumba cha ghorofa kilichokuwa na madirisha pande zote. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jirani yetu ni mzee tunayemwita Guka. Alifanya kazi ya ishara za treni wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977. Macho yake sasa yana ukungu, hivyo kila picha aliisogeza karibu na pua. Akaniuliza, "Hii ni nini?"

"Mlingoti, Guka."

"Na hiki?"

"Ni… kidude fulani."

Alinirudishia picha zote. "Mjukuu wangu, una picha 46 na huna neno hata moja. Mimi nikienda, hizi zitakuwa karatasi tupu."

Nilikaa kitako kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilichofundishwa ni hiki.

Kwanza, mkono wa ishara. Ule "mlingoti" wangu una mkono wa ubao au bati. Mkono ukinyooka, simama. Ukiinama, pita. Ziko njia ambazo mkono huinuliwa badala ya kuinamishwa, lakini ulionyooka maana yake ni ileile: simama. Huvutwa kwa waya kutoka mbali, na una uzito wa kuurudisha. Waya ukikatika, mkono hauanguki ovyo, bali hurudi penye kusimama. Waliouunda walijua kwamba siku moja kitu kitaharibika, wakahakikisha kwamba hata uharibifu wenyewe utasema "simama".

Pili, vioo. Usiku mkono hauonekani, kwa hiyo taa ya mafuta huwekwa nyuma ya kioo chekundu au cha kijani. Nilimwambia Guka kwamba kioo nilichokiona hakikuwa cha kijani, kilikaribia buluu. Akacheka. Kumbe mwali wa mafuta ya taa ni wa manjano, na manjano ikipita katika buluu ile, dereva huona kijani!

Tatu, kijumba cha ghorofa. Ndicho mnara wa ishara. Kimeinuliwa ili mtu aliye ndani aone juu ya mabehewa. Vile vipini virefu huvuta waya za ishara na kusogeza reli pale zinapogawanyika. Chini ya sakafu kuna vyuma vinavyofungana, hivi kwamba kipini kimoja kikivutwa, kile cha kukipinga hakivutiki hata ukikining'inia. Mtu anaweza kukosea kufikiri, lakini vyuma havimruhusu kutenda kosa lake.

Nne, kile "kidude fulani". Hicho ndicho kilichomfanya mzee anyamaze kidogo kabla ya kunieleza. Katika reli ya njia moja, adui mkubwa ni treni mbili kukutana uso kwa uso. Mwaka 1874 jambo hilo lilitokea Thorpe, karibu na mji wa Norwich, Uingereza. Ujumbe wa kuruhusu treni ulipelekwa kwa simu ya maandishi kabla ya mkubwa wa zamu kuutia sahihi. Neno lilitangulia makubaliano, na watu wakafa. Ajali hiyo ndiyo iliyomfanya Edward Tyer atengeneze mashine yake, ambayo aliipatia hataza mwaka 1878. Mashine mbili huwekwa katika stesheni mbili na kuunganishwa kwa umeme. Ndani yake mna vibao vya mviringo. Kibao kimoja kikitoka, kingine hakitoki upande wowote mpaka kile cha kwanza kirudishwe. Dereva asiye na kibao mkononi hatoki stesheni, hata akiamriwa na nani.

Guka alikiita "tableti". Nikamwambia kwamba wenzangu wakisikia hivyo watafikiria dawa ya malaria au kompyuta ndogo. "Basi kipeni jina nyinyi wa Kiswahili," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kukishika."

Hapo, wanachama wenzangu, ndipo ninapowageukia. Kiswahili cha reli tunacho. Taruma ni kile kipande cha mti, chuma au zege kinacholaliwa na reli. Kiberenge ni kigari kidogo kinachokwenda juu ya reli, aghalabu kwa kazi ya ukaguzi. Behewa, kabla ya kuwa gari la treni, lilikuwa chumba au ukumbi ndani ya nyumba. Wazee wetu walipoona nyumba inayotembea hawakushtuka, walitafuta neno wakalipata. Sisi je? Mimi napendekeza tuseme "kibao cha ruhusa". Mwenye neno bora zaidi alilete chamani.

Zoezi:
1. Eleza kwa nini mkono wa ishara hurudi penye "simama" waya unapokatika.
2. Ajali ya Thorpe inatufunza nini kuhusu neno linalosemwa kabla ya wakati wake?
3. Tafuta mzee mmoja aliyefanya kazi ambayo vijana hawaijui. Andika majina kumi ya vifaa vyake.

Tangu siku ile nimeandika jina nyuma ya kila picha kwa kalamu ya wino. Zimebaki tatu. Guka alizisogeza karibu na pua, akazipeleka penye mwanga wa mlango, akasema nirudi Jumamosi mchana, jua likiwa kali. Nitarudi. Nimekwisha nunua kalamu nyingine.