Njia ya Sufuria ya Moto: Namna ya Kupanga Upya Chumba cha Kupikia Chenye Mpangilio Mgumu

Kiswahili hutumia neno moja, jiko, kwa chombo cha kupikia na kwa chumba chenyewe. Na mwanamume aoapo husemwa amepata jiko. Ukarimu huu wa lugha huleta hasara pale nyumba inapokarabatiwa. Familia huzungumza habari za jiko ikimaanisha chombo kipya cha gesi na vigae vya ukutani, ilhali chumba, yaani milango yake, urefu wa kaunta na njia za kupita, huachwa kama kilivyokuwa. Katika makala haya jiko ni chombo, na mahali panapopikiwa pataitwa chumba cha kupikia.

Sababu ya jarida la afya kushughulikia kazi inayodhaniwa kuwa ya fundi mwashi inaonekana katika wodi za majeraha ya moto. Watoto wengi wadogo wanaolazwa humo hawakuguswa na ndimi za moto. Waliunguzwa na vimiminika: chai, uji, maharage yaliyokuwa yakiipuliwa, au maji ya kuoga yaliyokuwa yakibebwa kutoka jikoni kwenda bafuni. Maji yenye nyuzi joto 60 za Selsiasi huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto, iliyo nyembamba zaidi, huungua upesi kuliko hapo. Kwa hiyo swali la kwanza katika kupanga chumba cha kupikia ni hili: sufuria ya moto inapita wapi, na nani mwingine anapita hapo hapo?

Mfano wa nyumba moja

Mfano ufuatao umetungwa kutokana na mambo yanayokutwa mara kwa mara katika nyumba za Dar es Salaam. Chumba kina upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 3.6. Kina milango miwili, mmoja wa kutoka sebuleni na mwingine wa kwenda uani, yote ikiwa kwenye kuta fupi, upande wa kulia kwa anayeingia kutoka sebuleni. Dirisha na sinki viko kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Jiko la gesi liko ukuta wa kulia, karibu na mlango wa uani, kwa sababu tu mtungi wa kwanza uliletwa kupitia mlango huo na ukawekwa palipokuwa karibu. Jokofu limesimama mkabala na mlango wa sebuleni, na likifunguliwa linaziba njia.

Anayepika ni mama wa miaka 58, mwenye kimo cha sentimita 155, aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu na una ganzi. Anatembea kwa fimbo. Wajukuu wawili wako chini ya miaka mitano. Watoto wake wamemkataza kuingia jikoni, naye huketi barazani akisikiliza sufuria zikigongwa na mwingine. Ni katazo la upendo, lakini limemwondolea kazi aliyoifanya kwa miaka 40, na pamoja nayo mazoezi bora zaidi ambayo mkono wake ungeyapata kila siku.

Tatizo la chumba hiki haliko katika udogo wake. Njia ya watu kutoka sebuleni kwenda uani inapita mbele ya jiko moja kwa moja. Kila mara maji yanapochotwa kwenye sinki na kupelekwa motoni, na kila mara wali unapochujwa, mpishi anaikata njia hiyo akiwa na chombo mkononi. Mtu mwenye mikono miwili hulivumilia jambo hili kwa miaka bila kulitambua. Mwenye mkono mmoja na fimbo hawezi kubeba sufuria kabisa, kwa kuwa mkono mzima umeshika fimbo.

Lililokwisha kufikiriwa kwingine

Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alibuni chumba cha kupikia kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Kilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, yaani kidogo kuliko chumba cha mfano wetu, na vipatavyo 10,000 vilijengwa. Alijifunza kutokana na vyumba vya kupikia vya treni, ambamo kila kitu hufikiwa kwa hatua chache. Nchini Marekani, mhandisi na mwanasaikolojia Lillian Gilbreth, aliyechunguza mienendo ya watu kazini, alishiriki katika miaka ya 1940 kubuni chumba cha kupikia kwa wanawake wenye maradhi ya moyo, ili waendelee kuhudumia familia zao bila kuchoshwa na kutembea, kuinama na kunyanyua.

Wote wawili walianza na mwili wa mpishi na safari zake, kisha ndipo wakaja kwenye samani. Hapo wanastahili kufuatwa. Chumba cha Frankfurt, hata hivyo, kilifikiriwa kwa mpishi mmoja aliye peke yake. Katika nyumba zetu hupika mama, binti na jirani aliyekuja kusaidia, na sehemu kubwa ya kazi, kama kukuna nazi kwenye mbuzi au kutwanga, hufanyika nje ya kaunta yoyote. Kunakili mchoro wa kigeni kutoka kwenye picha za simu ni kununua jawabu la swali la mtu mwingine.

Vipimo kabla ya fundi

Mhudumu wa afya anayemtembelea mgonjwa nyumbani anahitaji tepu ya kupimia, chaki na nusu saa. Mpishi asimame wima na viatu anavyovaa jikoni, akunje kiwiko, na urefu kutoka sakafuni hadi kiwikoni upimwe. Kwa mama huyu ni sentimita 96. Kaunta ya kukatia na kuandalia hufaa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 5 hadi 10, yaani kati ya 86 na 91. Kaunta iliyopo ina sentimita 100, kwa kuwa fundi alifuata kimo chake mwenyewe. Mpishi anayeinua mabega kutwa nzima hupata maumivu ya shingo na bega, na bega lililolegezwa na kiharusi huumia mapema zaidi.

Kosa kubwa zaidi huja pale jiko la gesi la mezani linapowekwa juu ya kaunta hiyo hiyo. Jiko lina kimo cha sentimita 14 hivi, sufuria 18. Mdomo wa sufuria unafika sentimita 132, juu ya mabega ya mama huyu. Anakoroga ugali mkono ukiwa hewani, na akiipua, uji wa moto uko usawa wa kidevu. Sehemu ya kaunta inayobeba jiko ishushwe hadi sentimita 72, na mdomo wa sufuria utakuwa sentimita 104. Hapo anaweza hata kupika ameketi kwenye stuli ndefu.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba kushusha jiko kunalisogeza karibu na watoto. Ni kweli, na ukweli huo usifichwe. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha karibu sentimita 85, na akinyoosha mkono anafika juu zaidi ya hapo. Lakini jiko la juu nalo halimlindi, maana mtoto hupanda ndoo, huvuta mpini wa kikaangio, huvuta kitambaa cha meza chenye chupa ya chai. Kinachomlinda mtoto ni kutokuwapo katika eneo la moto, na hilo hupatikana kwa kigeti kifupi mlangoni na kwa kuiondoa njia ya watu mbele ya jiko.

Mpangilio mpya

Katika mfano huu hakuna ukuta unaovunjwa. Jiko linahamishiwa ukuta wa sinki, kulia kwa sinki, na kati yake kunaachwa kaunta tupu ya sentimita 60 au zaidi. Sehemu hiyo tupu ndiyo kiini cha mpango wote. Sufuria ya maji haibebwi tena. Inasukumwa juu ya kaunta kavu na laini hadi ukingoni mwa jiko. Kwa kuwa kaunta ya jiko imeshushwa, sehemu za moto zinakuwa sentimita 86, karibu sawa na kaunta iliyorekebishwa kuwa sentimita 88, na sufuria haihitaji kunyanyuliwa. Upande wa pili wa jiko iachwe nafasi ya sentimita 30 au 40 ya kuipulia.

Uchaguzi wa upande wa kulia una sababu ya kitabibu. Baadhi ya watu waliopata kiharusi kinachodhoofisha upande wa kushoto hupoteza pia umakini kwa kila kilicho kushoto kwao: husahau chakula kilicho upande huo wa sahani, na husahau moto uliowashwa upande huo. Tena mkono wenye ganzi hauhisi joto. Jiko likiwa kulia kwake, mkono mzima ndio unaoukaribia moto. Aliyedhoofika upande wa kulia apangiwe kinyume chake.

Ukuta wa kulia sasa unabaki mtupu, ila jokofu, lililosogezwa mbali na mlango. Baada ya kaunta yenye kina cha sentimita 60, panabaki upana wa mita 1.5 mahali pasipo na jokofu, ambao unatosha kiti cha magurudumu kugeuka, endapo siku moja kitahitajika. Mlango wa uani ubadilishwe bawaba ufungukie nje. Mlango wowote utakaopitisha kiti hicho uwe na uwazi usiopungua sentimita 80.

Dirisha libaki juu ya sinki. Jiko likiwekwa chini yake, upepo huzima moto na pazia hushika moto. Mtungi usimame wima, nje ya ukuta ikiwezekana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini, na tundu la hewa lililo karibu na dari pekee halisaidii. Liwepo jingine karibu na sakafu. Mpira wa gesi usipite nyuma ya jiko lenye joto. Familia inayotumia mkaa ipikie mahali penye hewa ya kutosha na kamwe isiingize jiko la mkaa chumbani usiku, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua waliolala.

Pale ambapo fedha hazipo

Si kila familia itamlipa fundi. Jiko la mezani huhamishika leo hii likawekwa juu ya meza fupi imara. Vitunguu hushikwa kwenye kibao chenye misumari miwili iliyopigiliwa kwa chini ikachomoza juu, akamenya na kukata kwa mkono mmoja. Kitambaa kibichi chini ya bakuli huzuia lisiteleze. Maharage na viazi vitolewe kwa upawa wenye matundu badala ya kuinamisha sufuria nzima. Maji ya kuoga ya watoto yachanganywe na ya baridi hapo hapo jikoni kabla ya kubebwa.

Kwa mwenye kifafa, hatua ya kwanza ni kuuondoa moto sakafuni. Mafiga na jiko la mkaa lililo chini humpokea anayeanguka. Jiko liinuliwe, sufuria iwekwe kwenye moto ulio mbali na ukingo, na mtu mwingine awepo, hasa wakati wa kukaanga.

Ajali ikitokea, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visipakwe.

Kabla ya saruji kumwagwa, mpango wote uchorwe kwa chaki sakafuni na ukutani, na mama mwenyewe, siyo binti yake, apike mlo mzima wa kuigiza kwa sufuria zenye maji baridi. Pale anaposita, pale anapotafuta pa kuegemeza fimbo, mchoro ufutwe na uchorwe upya. Vipimo hivyo virudiwe baada ya miezi mitatu, kwa sababu mkono unaoanza kupata nguvu huomba kaunta tofauti na ule uliolala.