Mefiboshethi Mezani pa Mfalme: Somo Juu ya Ndugu Aliyeumia Uti wa Mgongo

Someni kwanza: 2 Samweli 4:4 na sura ya 9; Marko 2:1-12; 2 Wakorintho 12:7-10.



Hapa Kibirizi twaishi kwa nguvu za mwili. Wako wakweao michikichi kukata mikungu, wako wapakiao madumu ya mawese na magunia ya dagaa katika mitumbwi, na wako vijana wa bodaboda waendao mjini na Ujiji mchana kutwa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, umeonyesha kuwa watu wengi walioumia uti wa mgongo waliumia kwa kuanguka kutoka juu au kwa ajali za barabarani. Basi jambo hili liko mlangoni petu, na yatupasa kulijua kabla halijaingia nyumbani.

1. Jambo lenyewe

Ndani ya mifupa ya mgongo umepita mshipa mkuu wa fahamu, uchukuao habari kati ya ubongo na mwili. Ukiumia shingoni, mikono na miguu huweza kulegea. Ukiumia chini zaidi, miguu hulegea lakini mikono hubaki na nguvu. Pia mtu huweza kupoteza hisia, asijue anapoungua au kuchubuka, na asiweze kuzuia haja ndogo na kubwa. Wengine hupata nafuu kiasi katika miezi ya kwanza. Wengine hubaki hivyo hivyo. Hata leo madaktari hawana dawa ya kuunganisha upya mshipa uliokatika.

2. Siku ya ajali

Wale watu wanne wa Kapernaumu walimbeba rafiki yao juu ya godoro, kila mmoja upande wake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mtu akianguka mchikichini, asiinuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu, wala asikalishwe ili apewe maji, wala asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mmoja amshike kichwa kisitikisike. Wengine wamgeuze kwa pamoja, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, kisha alazwe juu ya ubao au mlango na kupelekwa hospitali. Haraka isiyo na utaratibu yaweza kumwongezea madhara.

3. Tumaini lilivyoanza

Zamani wengi walioumia hivi walikufa baada ya muda mfupi. Aghalabu waliuawa na vidonda na maradhi ya mkojo, si na mgongo wenyewe. Mwaka 1944 Dk. Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuwatibu askari wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kitandani usiku na mchana, wasafishwe, wafanye mazoezi na kujifunza kazi. Mwaka 1948 aliwapanga wagonjwa 16 washindane kulenga shabaha kwa mishale, wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Nchini mwetu, chuo cha TATCOT kilianzishwa KCMC mwaka 1981, nacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu. Huko Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI. Moshi na Dar es Salaam ni mbali nasi, lakini sehemu kubwa ya utunzaji hufanyika nyumbani, kwa mikono ya jamaa.

4. Utunzaji wa nyumbani

Jamaa wafundishwe mambo haya hospitalini kabla mgonjwa hajaruhusiwa, nao wasione haya kuuliza.

(a) Ngozi. Alalapo ageuzwe kila baada ya saa mbili. Aketipo ajiinue kwa mikono, au ainuliwe, mara kwa mara, walau kila nusu saa. Kila asubuhi na jioni atazamwe matako, nyonga na visigino. Palipobadilika rangi, pasilaliwe tena mpaka papone. Jiko la mkaa na chai ya moto viwekwe mbali na miguu isiyo na hisia.

(b) Mkojo. Kama ameagizwa kutumia mpira, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na saa alizopewa zifuatwe. Anywe maji ya kutosha. Homa, au mkojo mchafu wenye harufu kali, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeumia shingoni au kifua cha juu akishikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa pamoja na jasho, aketishwe wima, mkojo utolewe, nguo zinazombana zilegezwe. Asipopata nafuu mara moja, apelekwe hospitali upesi, maana ni hatari.

(c) Viungo. Miguu na mikono iliyolegea inyooshwe na kukunjwa polepole kila siku, isije ikakauka. Huenda miguu ikashtuka na kuruka yenyewe. Hayo si mapepo, wala si ishara kwamba uganga umefaulu. Ni mishipa iliyo chini ya jeraha inayojiendesha bila amri ya ubongo.

(d) Moyo. Atalia, atakasirika, pengine atatamani kufa. Asikemewe. Zaburi nyingi ni kilio, wala Mungu hakuzikataa. Akisema kwamba anataka kujiua, asiachwe peke yake, na mhudumu wa afya aarifiwe.

5. Je, hana imani?

Neno hili lasemwa, tena na Wakristo. Mtu huombewa, na asipoinuka huambiwa kuwa imani yake ni haba au kuna dhambi aliyoificha. Kisha waombaji huenda zao, naye hubaki na mzigo wa pili, mzito kuliko wa kwanza. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, wala hakuondolewa. Alipewa neema ya kumtosha. Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Tuombe uponyaji, ndiyo, maana Bwana wetu ni yeye yule. Lakini tusiombe leo kisha kesho tukaacha kumgeuza. Kumgeuza saa nane za usiku nako ni sala.

6. Mezani pa mfalme

Mefiboshethi alianguka akiwa na umri wa miaka mitano, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alimkuta Lodebari, katika nyumba ya mtu mwingine. Angalieni mambo mawili aliyofanya mfalme. Alimketisha mezani pake daima, kama mmoja wa wanawe. Tena alimrudishia mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba na watu wake wayalime. Hakumpa chakula tu. Alimpa nafasi na mali yake.

Sisi mara nyingi hutoa chakula tu. Twampelekea mgonjwa sukari na sabuni, huku ndugu wakigawana nyavu zake na kuuza michikichi yake kana kwamba amekwisha kufa. Mke hushauriwa arudi kwao. Hata katika kikao cha ukoo habari zake husemwa na wengine, naye yupo chumba cha pili akisikia! Hii ni dhuluma. Mikono yake yaweza kushona nyavu, kutengeneza redio, kupima mawese, kuandika hesabu za chama. Na hata yule asiyeweza kuinua mkono angali baba, angali mume, angali mshiriki wa kanisa.

Kiti cha magurudumu huzama katika mchanga wa ufukoni, na ngazi za mlangoni humzuia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai kuwa majengo ya umma yafikike. Kanisa lisingoje kudaiwa. Mifuko michache ya saruji na kazi ya siku moja ya vijana wetu hutosha kutengeneza njia ya mteremko mlangoni.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, nani hajaonekana kanisani tangu alipoumia? Nani atakwenda kwake juma hili?
2. Umoja wa Mama na vijana waweza kupangaje zamu za usiku, ili mke au mama apate kulala?
3. Mali ya ndugu huyo iko mikononi mwa nani?

Sala

Ee Bwana, uliyebaki na alama za majeraha hata baada ya kufufuka, uwe pamoja na ndugu zetu walalao. Utupe mikono isiyochoka na ndimi zisizohukumu, hata sote tuketi pamoja mezani pako. Amina.